Je, wajua kwa nini Linux hiihii inakufungulia nano huku na vi kule?

Andika git commit (amri ya kuhifadhi mabadiliko ya kodi) bila kuweka ujumbe, utafunguliwa edita, yaani programu ya kuhariri maandishi, ambayo hukuichagua. Kwenye Ubuntu ni nano, unaandika unaondoka. Kwenye seva nyingine unajikuta ndani ya vi, unabonyeza herufi hazitokei, unabonyeza tena mstari mzima umefutika, na kutoka hutoki mpaka mtu akwambie piga Esc halafu :q!. Mwaka 2017 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waprogramu, walitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka kwenye Vim (vi iliyoboreshwa) limeshafunguliwa zaidi ya mara milioni moja, kwa hiyo usijione mshamba.

Sasa nani kaamua? Ukweli ni kwamba git, crontab (ya kupanga kazi zijiendeshe kwa ratiba), visudo na wenzao hawana edita yao wenyewe. Wanaangalia kwanza kama umeweka VISUAL au EDITOR, mipangilio inayotaja edita unayoitaka, kwenye mazingira yako, wakikosa ndio wanaangukia ile waliyopangiwa na waliotengeneza programu au distro (aina ya Linux, kama Ubuntu). Na kwa nini majina mawili? Enzi za teletype kompyuta ilikuwa inachapa kwenye karatasi, na ed ya Ken Thompson ya 1969 ilihariri mstari mmoja mmoja, halafu 1976 Bill Joy kule Berkeley akaleta vi inayojaza skrini nzima, ndio EDITOR ikawa ya zile za mistari na VISUAL ya hizi za skrini. Teletype zimeshakwenda zake, majina yamebaki, na programu zenyewe hazielewani lipi litangulie: git inaanza na VISUAL, systemctl edit (ya kuhariri mipangilio ya huduma za mfumo) inaanza na EDITOR. Ukiwa hujaweka lolote, git kiasili inaenda vi, systemctl inajaribu amri iitwayo editor, kisha nano, kisha vim, vi ndo ya mwisho.

Watu wa vi wana hoja yao na si ya kubeza. Vi imo kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, nano haimo, na mtu anayeingia kwenye seva za watu kutwa nzima hawezi kukaa anapanga kila moja kwa ladha yake, anataka akute kitu anachokijua.

Nano ilianza 1999, Chris Allegretta aliiandika kwa sababu leseni ya Pico, edita iliyoitangulia, haikuwa huru, na inakuandikia chini ya skrini namna ya kutoka. Fedora, distro nyingine, walipofika toleo la 33, Oktoba 2020, wakaifanya chaguo la msingi. Hoja iliyowabeba mimi naiona nzito: anayeijua vi anaweza kuirudisha kwa mstari mmoja tu, ila mgeni hata hajui kwamba kuna kitu cha kubadilisha. Mpangilio wa msingi unamhudumia ambaye bado hajachagua, basi apewe edita anayoweza kutoka.

(Ukifungua Vim tupu utaona wito wa kusaidia watoto maskini wa Uganda. Siyo utani, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa 1991 na kufariki 2023, alikuwa anaelekeza michango kwa watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda.)

Penye ugumu kweli ni visudo. Hii inahariri /etc/sudoers, faili linalosema nani apewe nguvu za root (msimamizi mkuu wa mashine) kupitia amri ya sudo, kwa hiyo inalifunga ili wawili wasilihariri kwa mpigo, na ukikosea sintaksi haikubali kimyakimya, inakuuliza What now?. Edita hapo inaendeshwa kama root, ndiyo maana sudo huwa inaitupa EDITOR yako njiani, na wewe unashangaa mbona .bashrc (faili la mipangilio yako) imewekwa sawa lakini bado inafungua nyingine. Debian wameuacha ndani ya sudoers mstari wa kuiruhusu ipite, ila wameuzima kwa alama ya #.

Kwenye Debian na Ubuntu njia ya mkato ni sudo update-alternatives --config editor, unachagua namba, basi. Nano ina kipaumbele 40 na Vim kamili 30, ndo maana hata ukiinstoo Vim leo bado nano inakuja mbele. Crontab -e yenyewe mara ya kwanza inakuletea orodha uchague, na pembeni ya nano kuna kamshale kameandikwa easiest, kijembe ambacho watu wa Vim wanakisoma kila wakipanga mashine mpya.