Mahindi yameanguka? Kagua bua kabla hujalaumu mbegu

Malalamiko yamekuwa mengi msimu huu. Mahindi yanakaribia kukomaa, bua linalainika chini, upepo kidogo tu shamba zima limelala, na mkulima anakuja na hasira anasema ameuziwa mbegu feki. Wengine wanaambiana eti mahindi ya siku hizi yana sukari nyingi ndo maana fangasi wanayafuata. Jamani, ni kinyume chake.

Fangasi hawafanani. Wale wa kutu wanapenda jani bichi lililoshiba sukari, ila hawa wa kuozesha bua, hasa jamii ya Fusarium, wanasubiri bua liishiwe. Na hili sio jipya, watafiti Horsfall na Dimond kule Connecticut, Marekani, waliyagawa magonjwa ya mimea kwa makundi hayo mawili tangu 1957.

Punje zikianza kujaa, hindi linavuta sukari kuliko sehemu nyingine yoyote ya mmea. Majani yakiwa mazima yanatosheleza. Yakiwa yameliwa na mabaka, au jua la ukame limeyakunja, hayatoshelezi, basi hindi linanyonya akiba ya bua, mizizi nayo inakosa chakula, nyama ya ndani ya bua inakufa mapema na fangasi aliyekuwa kwenye udongo na mabaki ya mwaka jana anaingia bila kizuizi. Waulize watoto, bua tamu la kutafuna wanalitafuta kwenye mmea ambao haukubeba, na huohuo mara nyingi utaukuta umesimama kijani wakati wenzake wenye mahindi makubwa wamelala. Kwa hiyo mbegu inayozaa sana usipoilisha vizuri inaweza kuanguka zaidi, na hapo haijawa feki!

Kulisha sio urea peke yake. Unamwaga urea, mbolea ya potashi huweki kabisa, halafu unashangaa bua kulegea. Na nafasi: sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ni kama mimea 44,000 kwa hekta. Mtu anaweka mbegu tatu na hapunguzii, majani ya chini hayaoni jua, sukari itoke wapi?

Punje ikishaonyesha kidoa cheusi kwenye kitako, yaani imekomaa, tembelea sehemu tano za shamba, kila sehemu mimea 20, bonyeza pingili ya chini kwa vidole. Zikibonyea zaidi ya 10 kati ya 100 usisubiri yakaukie shambani, vuna. Punje bado zina unyevu wa asilimia 30 hivi, anika kwenye turubai, sio chini, mpaka zifike 13.5, ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Fusarium anaweza kuacha sumu ya fumonisini kwenye punje, na kikomo ni miligramu 2 kwa kilo, mzigo ukizidi hapo hauruhusiwi kuuzwa kama chakula.

Kama bado una shaka na mbegu, malalamiko yanapelekwa TOSCI, taasisi ya serikali ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu, na Sheria ya Mbegu ya 2003 inambana muuzaji wa mbegu feki. Ila nenda na pakiti, lebo yenye namba ya loti, risiti, na mbegu kidogo iliyobaki kama ipo. Mabua usiyang'oe wala kuyachoma kabla mkaguzi hajayaona. Pakiti zinatupwa siku ileile ya kupanda, na bila namba ya loti haiwezekani kujua mbegu ilizalishwa wapi wala nani mwingine kauziwa.