Fito za Kupandia Dungu la Kulungu: Uzito Upunguze Wapi, Wapi Usiguse

Aliyewahi kulinda shamba la mpunga dhidi ya nguruwe analijua dungu. Wawindaji wa kulungu wa mkia mweupe kule Marekani na Kanada nao wana dungu lao: kijukwaa cha kukaa mtu mmoja, kinachofungwa kwenye shina la mti kimo cha mita tano au sita. Mwindaji hupanda kabla ya alfajiri, akaotea humo kimya hadi mnyama apite.

Katika majimbo mengi, kwenye ardhi ya umma huruhusiwi kupigilia misumari wala skrubu mtini. Hivyo mtu hubeba ngazi yake mgongoni: fito tatu au nne, kila mmoja wa nusu mita hadi sentimita 80, wenye vikanyagio viwili au vitatu. Ufito wa kwanza hufungwa chini kwa mkanda, wa pili juu yake, na kuendelea. Jioni zote hufunguliwa. Ukitembea kilomita mbili gizani na fito hizo, pamoja na jukwaa na upinde, utaelewa kwa nini watu wanahangaika na gramu, na kwa nini wengi wanaingia gereji kujitengenezea.

Kijana mmoja katika darasa letu la usalama wa uwindaji alikuja na fito zake nne, uso umejaa furaha. Kila ufito ulikuwa bomba la alumini la mraba, milimita 25 kwa 25, unene wa ukuta milimita 3, na ameutoboa mashimo kumi ya milimita 12, kila moja limepenya kuta mbili.

"Mwalimu, zishike uone zilivyo nyepesi."

Zilikuwa nyepesi kweli. Tukapiga hesabu ubaoni. Bomba hilo lina gramu 700 na kidogo kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 60 ni kama gramu 430. La chuma lenye vipimo hivyohivyo lingekaribia mara tatu ya hapo. Unafuu wote, basi, ulitokana na kuchagua alumini. Mashimo yake kumi yalikuwa yameondoa gramu 18 tu, uzito wa sarafu tatu za robo dola. Na mawili kati yake aliyatoboa karibu kabisa na kikanyagio, pale ambapo bomba linabeba mzigo mkubwa kuliko kwingine.

Lakini mimi sikuwa na shida sana na mashimo. Jicho langu lilikuwa kwenye weldi, pale alipochomelea vikanyagio.

Alumini inayopatikana kwa urahisi madukani, ile aina iitwayo 6061-T6, imepewa nguvu zake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea huivuruga kazi hiyo. Sehemu iliyo kandokando ya weldi hubaki na karibu nusu ya nguvu zake za awali, hata kama fundi ni hodari na mshono wake unang'aa kama mkufu. Pia alumini huchoka. Chuma, mzigo usipovuka kiwango fulani, kinaweza kukanyagwa mara zisizo na idadi. Alumini haina kiwango hicho, kila hatua unayopanda inahesabiwa. Ndiyo maana ufito unaweza kukubeba misimu miwili bila neno, kisha ukakatika asubuhi moja ya baridi.

Kama huna tanuri la kuirudishia alumini nguvu zake, na wengi wetu hatuna, funga vikanyagio kwa boliti. Ndani ya bomba, pale boliti inapopita, tia kijibomba cha kuzuia kuta zisibonyee unapokaza. Tumia nati yenye pete ya plastiki ili isijilegeze. Kikanyagio kiwe kifupi: mguu ukikaa kwenye ncha yake, uzito wako hufanya kazi ya mtaimbo kwenye kiungo. Upande unaogusa mti uwe na mabano mawili yenye umbo la V, la juu na la chini. Bila hayo ufito huzunguka shina mara tu unapokanyaga upande mmoja.

Kwa kufungia ufito mtini, mkanda wenye bizimu au kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana), vyote vinafaa. Dyneema ni nyepesi na ina nguvu ajabu, ila inateleza, na mafundo ya kawaida hufunguka au huipunguzia nguvu sana. Mkanda ulioachwa mtini mwaka mzima unaliwa na jua, unatafunwa na kindi, na mti wenyewe unanenepa na kuukaza kupita kiasi.

Jaribio ni hili: funga ufito kikanyagio cha chini kikiwa sentimita 20 kutoka ardhini. Kanyaga, rukaruka, sogea hadi kwenye ncha. Kisha chukua tochi ukague kila kiungo. Wengine huzungushia ufito utepe wa nguo ili usigongane na kuwashtua kulungu. Sawa, ila viungo viache wazi. Utepe huficha ufa.

Mti nao uangalie. Mdudu anayetoboa ash, aina ya mti wa misitu ya huko, aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na tangu hapo ameua mamilioni kwa mamilioni. Mti huo ukifa hukatika haraka kama biskuti. Upite, hata kama uko kando ya njia nzuri ya kulungu.

Watu wengi huanguka wakati wa kupanda, kushuka, au kuhamia jukwaani. Kwa hiyo mkanda wa usalama wa mwili mzima unavaliwa ungali ardhini, na kamba ya kuzunguka shina inapanda pamoja nawe hatua kwa hatua. Juu, kamba ya kujifungia iwe kimo cha kichwa au zaidi, isilegee. Uwe pia na kitanzi cha kuwekea mguu, maana ukining'inia bila kusogea, damu hukaa miguuni na unaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Upinde unavutwa kwa kamba baada ya wewe kujifunga. Bunduki vilevile, lakini bila risasi ndani. Wakati wa kushuka, upinde unatangulia, na kamba ya shina inafunguliwa mwisho kabisa, miguu ikiwa imeshakanyaga majani makavu.