Je, wajua kwa nini mwenye madoa mengi kwenye MRI anaweza kutembea vizuri kuliko mwenye madoa mawili?

Mgonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na neva, akirudi Malindi au Lamu kutoka Mombasa na ile bahasha kubwa ya picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, nyumbani hapangojwi daktari. Filamu huinuliwa dirishani, vichwa hukusanyika, na mmoja huanza kuhesabu madoa meupe ya ubongoni. Yakiwa matatu, watu hushusha pumzi. Yakiwa kumi na tano, mama huanza kulia. Hesabu hiyo inaumiza watu wa pande zote mbili: mwenye madoa mengi huonekana kama mtu ambaye karibu ataacha kutembea, na mwenye machache huambiwa anajidekeza.

Mtu mwenye ugonjwa huu, au MS kama unavyoandikwa kwenye karatasi za hospitali, anaweza kuwa na madoa ishirini kichwani na bado akapanda ngazi za nyumba ya ghorofa kule Mkomani, mtaa wa Lamu, bila kushika ukuta. Mwingine ana madoa mawili tu, na mguu wake mmoja hauinuki. Madaktari wanaujua utata huu kwa miaka mingi. Mwaka 2002 Frederik Barkhof, daktari wa picha wa Amsterdam, aliuandikia makala nzima, kwa sababu mashine inayoona ugonjwa vizuri kuliko nyingine zote bado hutabiri vibaya jinsi mgonjwa anavyoishi.

MS yenyewe kwa ufupi: kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo, ugwe wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti) na neva za macho. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1868. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanao, na hupatikana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Lamu iko nyuzi 2 hivi kusini ya ikweta na Malindi nyuzi 3, basi mtu wa huku anaweza kuugua bila kuwa na jirani hata mmoja aliyewahi kuusikia. Uchache wa mashine na wa madaktari wa neva nao huficha wagonjwa, kwa hiyo idadi za Afrika Mashariki zisomwe kwa tahadhari.

Sasa doa jeupe ni nini hasa? MRI haitumii eksirei. Ni sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3, na hiyo ya 1.5 ina nguvu mara 30,000 au zaidi ya ile ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Mwili umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Viini vya haidrojeni hujipanga kufuata sumaku, mashine huvitikisa kwa mawimbi ya redio, kisha husikiliza namna vinavyotulia. Maji yaliyobanwa katikati ya mafuta ya mielini hunyamaza upesi, na yaliyo huru huendelea kutoa sauti kwa muda mrefu zaidi. Katika picha za aina ya T2 na FLAIR, ambazo ndizo zinazotumika sana kwa MS, sauti hiyo iliyochelewa kunyamaza ndiyo inayochorwa kuwa weupe. FLAIR huzima pia majimaji ya kawaida yanayouzunguka ubongo, ili madoa yaliyo kando yake yasimezwe.

Kwa hiyo doa ni habari ya maji. Linasema kwamba hapa maji yamezidi, au yamelegea, kuliko sehemu za jirani. Halisemi kwa nini. Uvimbe mpya utakaopungua baada ya wiki kadhaa ni mweupe. Mahali palipopoteza mielini huku nyuzi zenyewe zikiwa hai ni peupe. Mahali ambapo mwili umeanza kurudishia mielini huweza kubaki peupe vilevile, na mahali ambapo nyuzi zimekufa kabisa napo ni peupe. Mtu anayehesabu dirishani anazijumlisha hali hizi zote kana kwamba ni kitu kimoja.

Halafu kuna suala la mahali, na hapa mji wa Lamu unafaa sana kwa mfano. Punda anatoka gatini na mifuko ya simiti, anaelekea ndani ya mji. Ukuta mkongwe ukianguka kwenye kichochoro kimoja cha Mkomani, mwenye punda hukata kona, hushika kichochoro kinachofuata, na mzigo hufika ukiwa umechelewa kidogo. Kuta zinaweza kuanguka katika vichochoro kumi vya namna hiyo, na ujenzi ukaendelea. Lakini kifusi kimoja kikiziba pale gatini penyewe, ambapo kila mzigo lazima upite, hakuna punda atakayefika popote. Mtu akipiga picha ya mji kutoka kwenye ndege, picha ya kwanza itaonyesha vifusi kumi na ya pili kimoja. Akihesabu vifusi peke yake, atasema mji wa kwanza ndio ulioharibika zaidi. Picha haimwonyeshi ni mifuko mingapi ya simiti imefika.

Ubongo una sehemu pana zenye njia nyingi za jirani, hasa ndani ya ile nyama yake nyeupe ya katikati, yenye nyuzi za neva. Doa likitua huko, mara nyingi ujumbe hukata kona na mgonjwa hahisi kitu. Shina la ubongo na ugwe wa mgongo ndiyo gati. Ugwe wa mgongo haufiki sentimita 2 kwa upana, na ndani yake zimepita amri zote za miguu, hisia zote za ngozi kuanzia shingo kwenda chini, na udhibiti wa kibofu. Doa la milimita chache hapo linaweza kumpa mtu mkongojo. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepigwa picha ya kichwa pekee, akaambiwa ana madoa mawili, ana haki ya kuuliza kama ugwe wa mgongo nao ulipigwa.

Kukata kona kuna gharama. MRI za utendaji, zinazoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi kwa wakati huo, zimeonyesha kwamba watu wenye MS mara nyingi hutumia eneo kubwa zaidi la ubongo kwa kazi ileile ndogo, kama kusogeza vidole. Inavutia kusema kwamba hapo ndipo unapotoka uchovu mzito wanaoulalamikia, na huenda ni sehemu ya jibu. Lakini usingizi mbovu, huzuni, dawa na uvimbe wenyewe pia huchosha, na ushahidi hautoshi kuutupa uchovu wote kwenye sababu moja.

Upo ushahidi wa zamani ninaoupenda sana, kwa sababu ulijitokeza tangu siku za mwanzo za mashine hii. Mwaka 1981 watafiti wa London waliwapiga picha wagonjwa 10 wa MS kwa mashine mbili. CT, ile inayotumia eksirei, ilionyesha madoa 19. MRI iliyaona hayo 19, ikaongeza mengine 112. Wagonjwa walikuwa walewale na dalili zao zilezile. Mengi ya madoa hayo yalikuwa yamekaa kimya, yakisubiri tu jicho la kuyaona. Tangu hapo imejulikana kwamba madoa mapya hutokea mara 5 hadi 10 zaidi ya mashambulio ambayo mgonjwa mwenyewe huyahisi.

Hii haina maana kwamba madoa yapuuzwe. Doa jipya lisilo na dalili ni ishara kwamba ugonjwa unaendelea chini kwa chini, na mara nyingi ndilo linalomfanya daktari abadilishe dawa kabla madhara hayajalundikana. Kwa daktari, swali lenye uzito ni hili: tangu picha iliyopita, kimeongezeka nini, na wapi? Vigezo vya McDonald vya kuutambua ugonjwa, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, navyo tangu mwanzo vilijengwa juu ya mahali na wakati: alama katika sehemu zaidi ya moja, zilizotokea kwa nyakati zaidi ya moja.

Dawa ya gadolini inayodungwa kwenye mshipa husaidia upande wa wakati. Kwa kawaida damu na ubongo vimetenganishwa na kizuizi. Doa likiwa bichi kizuizi hicho huvuja, gadolini huingia, na doa hung'aa kwa wiki chache tu kisha huzima. Doa linalong'aa basi ni la karibuni. Mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito aseme mapema kabla ya kudungwa.

Upande mwingine, kuna uharibifu ambao picha za kawaida huukosa. Madoa ya kwenye ganda la kijivu la ubongo huonekana kwa shida. Ubongo pia husinyaa polepole, kiasi cha asilimia 0.5 au zaidi kwa mwaka kwa watu wengi wenye MS wasiotibiwa, ilhali kwa mtu mzima asiye nao ni asilimia 0.1 hadi 0.3. Tofauti ndogo kama hiyo jicho la dirishani haliwezi kuipima. Mgonjwa wa namna hii ndiye anayesema "nazidi kuchoka" huku ripoti ikisema hakuna jipya, na anasema kweli.

Jambo jingine linawahusu sana watu wa huku: si kila doa jeupe ni MS. Presha ya muda mrefu huacha madoa. Kisukari, kipandauso na umri pia. Pale ambapo MS ni nadra na presha imejaa kila mtaa, mzee wa miaka sitini mwenye madoa machache ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na presha. Umbo na mahali husaidia kutofautisha. Madoa ya MS hupenda kugusa vyumba vya majimaji vilivyo katikati ya ubongo, yakiwa marefu na yamesimama wima juu ya kuta zake. Alama ndefu ndani ya ugwe wa mgongo, inayovuka urefu wa pingili tatu au zaidi, humfanya daktari awaze ugonjwa mwingine uitwao NMO, ambao una kipimo chake cha damu na ambao baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Kichocho nacho, kwa nadra, huweza kuufikia ugwe wa mgongo.

Kwa sababu ulinganisho ndio unaobeba maana, sidii na filamu za zamani zitunzwe kama hati ya nyumba, mbali na unyevu wa pwani, na zibebwe kila safari. Picha ya pili ikipigwa kwenye mashine ileile kwa mpangilio uleule, daktari hulinganisha kwa uhakika zaidi. Mashine yenye nguvu zaidi inaweza kuonyesha madoa "mapya" ambayo yalikuwepo tangu zamani.

Halafu linakuja joto. Miezi ya kaskazi, hasa wa pili na wa tatu Malindi inapochemka, wagonjwa wengi huona ukungu machoni, miguu huwa mizito, na hofu ya doa jipya hupanda. Uzi wa neva uliopoteza mielini hupitisha ujumbe kwa shida mwili ukipata joto, hata likizidi kwa nusu ya nyuzi ya selsiasi. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho, aliandika Ujerumani mwaka 1890 juu ya macho ya wagonjwa yanayofifia baada ya mazoezi, na baadaye ikajulikana kuwa joto la mwili ndilo chanzo. Kabla ya MRI kuenea, madaktari wengine walikuwa wakimweka mgonjwa kwenye maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Dalili zinazoletwa na jua hupungua mtu akioga maji baridi na kukaa kivulini. Udhaifu, ganzi au giza la jicho likikaa zaidi ya saa 24 bila homa na bila joto la kulieleza, hilo ni la kumpigia daktari siku hiyohiyo, hata kama ripoti ya mwezi uliopita ilisema hakuna jipya.