Kipimo cha ANA: majibu chanya si lazima yawe ugonjwa

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vijidudu. Zipo nyingine ambazo hunasa seli za mwili wenyewe, na zinazolenga kiini cha seli ndizo hutafutwa kwa kipimo kiitwacho ANA. Daktari hukiagiza anaposhuku magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe: lupasi inayoweza kugusa viungo vingi, skleroderma inayokaza ngozi, au ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo.

Maabara, seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, huzimuliwa, kisha tone lake huwekwa kwenye kioo chenye seli za binadamu zinazooteshwa maabara, HEp-2. Kingamwili zikiwepo, hung'ang'ania viini vya seli hizo. Kioo huoshwa, hutiwa dawa yenye rangi inayonata kwenye kingamwili, na chini ya hadubini viini huwaka kijani. Msomaji huangalia pia sura ya mng'ao: kiini kimejaa chote, au kina madoadoa? Vidoa vinavyoonyesha sentromia (sehemu inayobana kromosomu), kwa mfano, huelekeza kwenye aina ya skleroderma inayokaza zaidi ngozi ya vidole na uso.

Majibu huandikwa hivi: 1:80, 1:160, 1:320. Maana yake, hata seramu ilipozimuliwa kiasi hicho, mng'ao bado ulionekana. Namba ya pili ikikua, kingamwili ni nyingi zaidi.

Sasa, wako watu wanaopokea karatasi yenye 1:80 na kukosa usingizi, na hilo linaniumiza, maana halikuwa na haja. Katika utafiti wa 1997 uliopima watu wazima wenye afya, takribani 13 kati ya 100 walikuwa chanya kwa 1:80, na 3 hivi kwa 1:320. Umri huongeza uwezekano huo. Dawa pia: isoniazidi ya kifua kikuu na hidralazini ya presha zinaweza kuleta ANA chanya.

Vigezo vya lupasi vya 2019 huanza na ANA ya angalau 1:80, lakini bila dalili mwilini haitoshi. Panapo dalili, hufuata vipimo mahususi zaidi kama anti-dsDNA, kinachotafuta kingamwili zinazolenga DNA yenyewe. Kurudia ANA kila mwezi hakumsaidii mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na lupasi, kwa sababu haifuati kupanda na kushuka kwa ugonjwa. Kwake, mimi ningesisitiza apimwe protini kwenye mkojo, kipimo cha bei nafuu, kwa kuwa lupasi inaweza kushambulia figo bila maumivu yoyote.