Umeme ukikatika ubao ukiwa katikati ya bledi

Nikiitwa kukagua karakana ya useremala, swali langu la kwanza namuuliza fundi aliyesimama kwenye mashine, si mwenye karakana. Namuuliza: umeme ukikatika sasa hivi, unafanya nini? Wengi hujibu kwamba wanaacha kila kitu kilivyo, wanatoka nje kupunga upepo mpaka urudi. Jibu hilo linanitosha kujua nitakuta swichi ya namna gani ukutani.

Kuanzia Keko, Dar es Salaam, hadi Gikomba, Nairobi, mashine nyingi za kupasulia mbao zimetengenezwa hapa hapa mtaani: meza ya chuma iliyochomelewa, mota chini yake, mkanda, shafti na bledi inayochomoza juu. Sina ugomvi na mashine hizi, maana mafundi wetu wanajua kuchomelea na zinapasua mbao vizuri. Ninachogombana nacho ni ile swichi kubwa ya mkono ukutani, ambayo ukishaiwasha inabaki imewaka. Umeme unakatika, bledi inasimama, ubao umebaki umebana katikati. Kibarua anaona ni nafasi nzuri ya kufagia maranda chini ya meza, au kuuchomoa ule ubao kwa mikono miwili. Umeme unarudi bila hodi, na bledi inaanza kuzunguka mkono ukiwa juu yake.

Dawa yake ni starta ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu. Ndani yake kuna koili inayoshikilia mguso kwa nguvu ya umeme wenyewe. Umeme ukipotea, koili inaachia, na hata umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze kijani kwa makusudi. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na fundi umeme anaifunga siku hiyo hiyo. Kuipima ni kazi ya dakika moja: washa mashine bila ubao, simama mbali, zima umeme kwenye swichi kuu, bledi ikisimama kabisa washa tena swichi kuu. Mashine ikianza kuzunguka yenyewe, hapo hakuna kinga. Ifanye kila mwezi, kwa sababu nimeshakuta kitufe cha kijani kimekandamizwa kwa kipande cha mbao na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, eti kinasumbua kubonyeza kila mara. Starta ilikuwepo, lakini kinga haikuwepo.

Hatari ya pili ndiyo inayokata vidole vingi, nayo inaeleweka vibaya. Watu hudhani fundi amesinzia akapeleka mkono kwenye bledi. Mara nyingi sivyo. Meno ya mbele ya bledi, upande anaposimama fundi, yanashuka chini na kuukandamiza ubao kwenye meza. Meno ya nyuma yanapanda juu. Ubao ukigusana na yale ya nyuma, unanyanyuliwa na kurushwa kuelekea kwa fundi. Chukua bledi ya inchi 12 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika: ncha za meno yake zinakwenda mita 48 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Ubao unaorushwa na kitu chenye kasi hiyo unavunja mbavu. Na kuna jambo la pili linalotokea papo hapo: mkono uliokuwa unausukuma ubao unakosa cha kusukuma. Nguvu ilikuwa inakwenda mbele, ubao umeondoka, mkono unaangukia kwenye bledi. Hakuna binadamu mwepesi kiasi cha kuuzuia.

Kwa nini ubao uguse meno ya nyuma? Kwa sababu mbao zinajifunga. Mkaratusi una mvutano ndani yake tangu ukiwa umesimama shambani, na ukianza kuupasua, zile nusu mbili zinaweza kusogeleana na kuibana bledi. Paini iliyoshushwa kutoka Mafinga ikiwa mbichi huweza kufanya vivyo hivyo. Fundi mzoefu anausikia mlio wa mota ukishuka, anaingiza kabari nyuma, anaendelea. Ila kibarua wa wiki ya kwanza hajui mlio huo una maana gani. Anaongeza nguvu ya kusukuma.

Kinachotakiwa pale nyuma ya bledi ni kisu cha kutenganisha, yaani bati la chuma gumu lililosimama wima, linaloufuata mviringo wa bledi na kuingia kwenye mkato mara tu meno yanapopita. Ubao hauwezi kujifunga tena. Liwe nene kuliko mwili wa bledi lakini jembamba kuliko mkato unaoachwa na meno, na nafasi kati yake na meno isizidi milimita 8. Mashine za kiwandani zinakuja nalo, na mara nyingi nalikuta limefunguliwa na kutupwa kwenye kona. Mashine za mtaani hazina kabisa, lakini anayeweza kuchomelea ile meza anaweza pia kulikata bati hili na kulifunga kwa bolti. Juu yake iwekwe kava ya bledi, ishushwe iukaribie ubao kadiri inavyowezekana.

Kuna marekebisho mengine yasiyohitaji hela. Ile reli ya kuegemezea ubao isivuke katikati ya bledi unapopasua mbao za asili, ili kipande kikishakatwa kipate pa kupanukia badala ya kubanwa kati ya reli na meno. Fundi asisimame kwenye mstari wa bledi, asogee pembeni kidogo. Na sentimita 30 za mwisho za ubao zisukumwe kwa kijiti chenye pengo mbele, kinachokaa pale pale mezani. Nasisitiza pale mezani. Kijiti kilichotundikwa ukutani hatua tatu nyuma hakitumiki, na nikikiona kina vumbi najua kimewekwa kwa ajili ya mkaguzi.

Anayepokea mbao upande wa pili naye husahaulika. Huyu ndiye kibarua anayevuta, na kadiri meza ilivyo fupi ndivyo mikono yake inavyokaribia meno yale yanayopanda. Meza irefushwe nyuma mpaka kuwe na angalau mita 1.2 kutoka bledi hadi alipo, na asivuke hapo.

Ndiyo maana tathmini ya hatari siifanyi ofisini. Ziko fomu, na tunazijaza: uwezekano wa ajali mara ukubwa wa madhara, unapata namba. Lakini namba hizo hazina thamani kama hukusimama ukaitazama kazi yenyewe, tena si ile kazi ya kuonyesha mgeni. Kaa mpaka mafundi wakusahau. Tazama wanavyokata vikabari vidogo ambavyo havishikiki, wanavyoondoa vipande vilivyokwama, wanavyobadilisha bledi, wanavyosafisha jioni wakiwa na haraka ya kuwahi daladala. Mkato mrefu wa kawaida una hatari yake, ila mambo ya pembeni ndiyo yasiyoandikwa kwenye fomu. Hesabu pia sekunde ambazo bledi inaendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Uingereza kipimo wanachokitumia kwa mashine za mbao ni sekunde 10, kisha iwe imesimama. Nyingi ninazokagua huzidi hapo, na ndani ya muda huo fundi ameshageuka anaongea na mteja.

Baada ya ajali naletewa ripoti iliyoandikwa mstari mmoja: chanzo, uzembe wa fundi. Sikubaliani na neno hilo na siliachi lipite. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hapa Tanzania imeweka wajibu wa usalama wa mashine kwa mwajiri. Mashine isiyo na kisu, isiyo na kava, yenye swichi inayojiwasha, imeshaandaa ajali. Imebaki kumpata wa zamu.

Grenda ya mkono iliyofungwa bledi ya mbao siipimi hatari yake, naomba iondolewe siku hiyo hiyo. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na bledi nyingi za mbao zimechapishwa kwenye mwili wake kikomo cha chini ya hapo. Soma hayo maandishi. Ili bledi ienee, kava huwa imeshatolewa. Ikinasa kwenye nyuzi za mbao inaruka nje ya mkono, na mahali inapotua ni paja, tumbo au shingo. Nunueni msumeno wa umeme wa mkono uliotengenezwa kwa mbao, wenye kava inayojirudisha. Hapa sina mjadala.

Glovu nazo, wengi hushangaa nikiwaambia wazivue kwenye mashine ya meza. Uzi mmoja ukinaswa na jino, glovu inavutwa na mkono ndani yake. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, shanga, na kamba za kitambulisho shingoni. Miwani ya kinga ndiyo, viatu vigumu ndiyo.

Masikio na mapafu yanaharibika polepole, hivyo hayapati ripoti. Msumeno wa mviringo hufikia desibeli 100 bila shida. Kwa kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8, kelele ya 100 inakuruhusu robo saa tu kwa siku bila kuziba masikio. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mvule huwasha ngozi na kubana kifua hata kabla ya hapo. Kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi, na kupuliza vumbi kwa kompresa ni kulirudisha hewani mlivute wote.

Kwenye sanduku la huduma ya kwanza weka karatasi hii: kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono. Kidole chenyewe kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa.

Mwenye karakana akiniambia hela ni ndogo, nampangia hivi: kijiti na kurekebisha reli leo, starta ya sumaku wiki hii, kisu na kava ya bledi kabla ya mzigo mwingine wa mkaratusi kushushwa, kisha kurefusha meza. Miwani, viziba masikio na barakoa vinunuliwe mwezi huo huo, lakini hela ya starta isiguswe kuvinunulia.