"Nikikataa wataniita mshamba": maswali ya wanafunzi kuhusu vishawishi vya makundi rika

Mara moja kwa mwezi mimi na muuguzi mwenzangu hupita kwenye shule ya sekondari iliyo jirani na zahanati yetu. Tunaacha boksi la biskuti lililotobolewa juu, wanafunzi wanadumbukiza vikaratasi bila majina. Vingine hukunjwa mpaka vikawa vidogo kama punje ya hindi. Hivi hapa baadhi yake, pamoja na swali la mzazi mmoja aliyetufuata zahanati.

Wenzangu wanavuta nyuma ya choo wakati wa mapumziko. Nikikataa wataniita mshamba. Nifanyeje?

Kwanza, woga huo si ujinga. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokuambia "subiri kwanza", huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi. Ile inayotafuta raha na sifa huchangamka mapema, tangu kubalehe. Ndiyo maana kijana wa miaka 13 akiwa peke yake ana akili zake timamu, lakini akizungukwa na wenzake watano anafanya jambo ambalo asingelithubutu. Basi usingoje uzungukwe ndipo uanze kutafuta maneno. Yaandae nyumbani.

Na yawe machache. "Sivuti." Imetosha. Ukitoa sababu tatu watazipangua zote tatu. Neno moja halina pa kushikwa. Wakikung'ang'aniza, rudia lilelile, kisha geuza mazungumzo: "Hivi Simba wanacheza saa ngapi leo?" Halafu ondoka.

Tuliwahi kuigiza hili darasani. Kijana mmoja alisema hapana huku anaangalia viatu vyake na kuchekacheka. Darasa zima likapiga kelele: "Huyo kashakubali!" Akarudia, safari hii amesimama wima, begi begani: "Sivuti, nawahi mpirani." Akaanza kutembea. Aliyeigiza mshawishi alibaki na kijiti mkononi, hana la kusema.

Kuhusu ushamba, wali mliokula jana, mpunga wake ulilimwa na mshamba.

Shisha si maji tu yenye ladha ya matunda?

La. Maji yanaupoza moshi, hayauoshi sumu. Ladha ya tufaha au mnanaa inaficha ukali tu, ndiyo maana mtu anavuta kwa muda mrefu bila kukohoa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Tena juu ya kile chungu kuna mkaa, nao hutoa kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Na mpira mmoja ukizunguka midomo sita, mafua na malengelenge ya mdomo yanazunguka nao. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, na haikuwa kwa sababu ya kuchukia matunda.

Sigara za kielektroniki, zile zinazofanana na kalamu, nazo nyingi zina nikotini. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi, na ubongo unaokua huizoea haraka kuliko wa mtu mzima.

Mimi nimeshaanza. Nimechelewa?

Hujachelewa. Baada ya saa 12 hivi bila kuvuta, kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo ngumu: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma. Njoo zahanati alasiri, hata na sare.

Anayenishawishi ni rafiki yangu wa damu. Nimwache?

Si lazima. Mtazame baada ya kukataa: bado mnarudi nyumbani pamoja? Anakugawia muhogo wake? Basi alitaka ushirika wako tu. Asiyekutazama tena, amekujibu mwenyewe.

Tafuta mmoja tu wa kukataa naye. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Wengine chumbani walipangwa wakubaliane kwenye jibu la uongo, na aliyekuwa peke yake aliwafuata karibu mara moja katika kila tatu, ingawa macho yake yaliona vizuri. Akipatikana mtu mmoja tu wa kusema ukweli, makosa yale yalishuka hadi robo ya yalivyokuwa. Mmoja tu!

Kaka wa bodaboda ananipa lifti na chipsi. Anasema siku moja nitamlipa.

Mdogo wangu, huna deni. Chipsi hazikopeshwi hivyo. Ukiwa chini ya miaka 18, anachokitaka ni kosa la jinai kwake, hata kama ungesema ndiyo. Acha lifti kuanzia leo, rudi na wenzako, na mwambie mama, shangazi au mwalimu unayemwamini. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Kama jambo limeshatokea, fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya hapo.

Shati la mwanangu wa miaka 13 linanuka sigara. Nimchape?

Mama, fimbo itamfundisha kutafuna pipi ya mnanaa na kubadili shati kwa jirani. Subiri hasira ishuke, kisha ongea naye mkiosha vyombo au mkienda dukani, msitazamane kama mahakamani. Muulize "ilikuwaje?" badala ya "nani kakufundisha?" Na kama baba humtuma mtoto huyohuyo kununua sigara moja moja, tuanzie hapo.

Kisha mpe ruhusa ya kukusingizia: "Mama yangu ananinusa kila jioni." Mwekeane na alama. Akikubipu mara mbili, hata kwa simu ya kuazima, unampigia palepale na kufoka: "Uko wapi? Rudi nyumbani sasa hivi!" Mbele ya wenzake ataonekana kaonewa na mama mkali, na atakuwa ameondoka.