Fomu ya utafiti hospitalini: yanayosemwa wodini na yaliyo kweli

"Utafiti ni matibabu ya daraja la juu."
Hii inawakamata wengi, wala si kwa ujinga. Anayekuletea fomu ya ridhaa amevaa koti jeupe lilelile la daktari wako. Ukishasikia "mtoto ataangaliwa kwa karibu", mengine yote yanapita juu ya kichwa. Kweli ataangaliwa. Lakini daktari anayekutibu huchagua kile anachoona kinakufaa wewe. Mtafiti analinganisha njia ambazo bado haijulikani ipi ni bora, na mara nyingi kundi lako linaamuliwa kwa bahati nasibu.

Chukua utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine wakapewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine hawakupewa. Mzazi gani asingeomba mwanawe aangukie kundi la dripu? Januari 2011 kazi ikasimamishwa. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa kati ya 10 na 11; kwa wasiopewa, 7 hivi.

"Bila saini hakuna ridhaa."
Katika FEAST hiyohiyo, mzazi aliyefika amechanganyikiwa, mtoto hajiwezi mikononi, hakusomewa kurasa nzima. Alielezwa kwa ufupi, akajibu kwa mdomo. Maelezo kamili na saini vikafuata mtoto alipotulia. Kamati za maadili, zile zinazokagua utafiti ili kuwalinda wanaoshiriki, zililiruhusu jambo hilo. Mimi naona ndivyo inavyopasa, ingawa wapo wanaolipinga kwa hoja nzito: kukataa ukiwa katika hofu ile ni kugumu. Asiyejua kusoma naye husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha anaweka dole gumba.

"Asiyepata dawa mpya anadungwa maji matupu."
Si lazima. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009 na kufika Kilifi, Bagamoyo na Korogwe, watoto wa miezi 5 hadi 17 wasiopata chanjo hiyo walipewa ya kichaa cha mbwa. Zipo tafiti zinazotumia dawa bandia, yaani kidonge au sindano isiyo na dawa ndani, na fomu inapaswa kulisema hilo waziwazi.

"Damu inauzwa."
Hofu ya mumiani ni ya zamani pwani, na kuicheka hakusaidii kitu. Uliza ni kiasi gani kitatolewa, kinapimwa nini, na kitakachobaki kinakwenda wapi. Kuhifadhiwa kwa sampuli au kupelekwa nje ya nchi ni jambo la kuelezwa na kuombewa ridhaa.

"Ukisaini umejifunga."
Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Sindano uliyokwisha kuchomwa hairudi, na takwimu zilizokusanywa kabla hujatoka huenda zikabaki. Nakala ya fomu ni yako: nenda nayo nyumbani, ina simu ya kamati ya maadili.